Boti ya sangara na umeme wake: nyaya za kudumu au vifaa vya kubeba?

Boti ya mbao ya kuvulia sangara, yenye urefu wa mita saba au nane na mashine moja nyuma, ilijengwa kwa miaka mingi bila kufikiria umeme, na tochi ya nahodha ndiyo iliyokuwa taa yake. Sasa taa za LED, simu, GPS ya mkononi, pampu ya kutoa maji na, kwa wachache, kitafuta samaki, vyote vinataka umeme usiku kucha. Kwa wenye boti wa Igombe, Kayenze au Ukerewe, kwenye Ziwa Victoria, swali ni kama boti ifungwe nyaya za kudumu, jinsi Wamarekani wanavyofunga boti zao za fibaglasi za kuvulia samaki aina ya bass, zikitegemea betri moja kubwa, au kila kifaa kibaki na betri yake ndogo na kurudishwa nyumbani asubuhi.

Uvuvi wa dagaa tuuweke kando mapema. Taa zake huelea juu ya maboya nje ya boti, ili kuwakusanya dagaa katika usiku usio na mbalamwezi, kwa hiyo tangu zama za karabai kila taa imelazimika kujitegemea.

Hoja yenye nguvu zaidi ya wanaotaka nyaya za kudumu ni pampu. Boti ya mbao huvuja hata ikikalafatiwa vizuri, yaani ikizibwa nyufa kati ya mbao, na mvuvi anayevuta wavu hawezi wakati huohuo kukumba maji kwa kopo. Pampu yenye swichi ya kuelea hujiwasha maji yakipanda, lakini hufanya hivyo tu ikiwa imeunganishwa na betri saa zote. Kitafuta samaki nacho kina sehemu isiyofaa kuhamishwa ovyo: kihisio kinachotuma mawimbi ya sauti majini hukaa mahali pamoja nyuma ya boti, pasipofikiwa na povu la pangaboi, kwa kuwa povu huvuruga picha.

Tatizo ni kwamba mfumo huo mara nyingi huangukia mikononi mwa fundi wa umeme wa nyumba, naye huja na waya wa nyumba. Waya wa uzi mmoja mgumu, unaofaa ndani ya ukuta usiotikisika, huchoka na kukatika ndani ya plastiki yake kwa mtetemo wa mashine. Boti inahitaji waya wa nyuzi nyingi laini, na ikiwezekana wa shaba iliyopakwa bati. Unene nao una hesabu yake. Tuseme betri iko mbele ili kusawazisha uzito wa mashine, na pampu pamoja na kitafuta samaki, vilivyo nyuma, vinavuta ampea 5 kupitia mita 7, yaani mita 14 kwenda na kurudi. Kwa waya wa milimita za mraba 1.5, volti zinazopotea njiani ni takribani 0.85, asilimia 7 ya volti 12. Kwa waya wa milimita za mraba 4 upotevu hushuka hadi 0.32, chini ya asilimia 3 ambayo mafundi wa boti huichukua kuwa ukomo kwa vifaa vya elektroniki. Mwenye boti anayeona kitafuta samaki kikizima kila pampu inapoanza hulaumu kifaa, kumbe waya ni mwembamba.

Kubwa kuliko hilo ni petroli. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hivyo hutuama kwenye ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ndani ya boti, palepale ambapo ni rahisi kupitisha nyaya na kuweka madumu, na kiungo kilichosokotwa kwa vidole kisha kikazungushiwa tepu kinatosha kutoa cheche.

Vifaa vya kubeba vina utetezi ambao fundi wa Marekani huenda asiufikirie. Boti hulala ufukweni pa wazi, ambapo hata mashine huviziwa na wezi. Aidha, boti hupandishwa nchi kavu kukalafatiwa na kubadilishwa mbao, na seremala hana sababu ya kumsubiri fundi umeme kabla ya kung'oa nyaya. Lakini dai kwamba vifaa hivyo ni nafuu silikubali moja kwa moja: taa ya bei ndogo iliyofungwa kabisa haitengenezeki, na betri yake ikichoka hutupwa nzima.

Liko pia suala la nani analipa, ambalo husemwa kwa sauti ya chini. Mwenye boti, anayeitwa tajiri hata akiwa na boti moja ya mkopo, ndiye anayegharamia chombo, na mapato hugawanywa baada ya kutoa petroli na chakula. Nyaya ni sehemu ya boti, kwa hiyo ni mzigo wa tajiri; taa ya mkononi ni rahisi kuingizwa kwenye gharama za safari, au kununuliwa na mvuvi mwenyewe. Tajiri anayesifu vifaa vya kubeba si lazima awe amepima usalama.

Matumizi yenyewe ni madogo kuliko yanavyodhaniwa. Kitafuta samaki kidogo huvuta ampea 1 au chini yake, na taa ya LED ya kuonyesha chombo huvuta sehemu ndogo ya ampea, hivyo usiku wa saa 12 unaweza kumalizika kwa ampea-saa 15 (ampea-saa moja ni ampea moja kwa saa moja), pampu isipofanya kazi muda mrefu. Betri ya madini ya risasi ya ampea-saa 100 ina kilo 25 au zaidi, tena huharibika upesi ikizoea kutumiwa kupita nusu. Ya lithiamu ya ampea-saa 30 ina kilo nne hivi, ingawa ni ghali zaidi kwa kila ampea-saa na inataka chaja yake.

Kwa hiyo ningefunga kidogo: pampu na kitafuta samaki pekee viwe na nyaya za kudumu, zipite chini ya ukingo wa boti badala ya kwenye ngama, ziishie kwenye plagi isiyoingiza maji ya sanduku la betri linalobebeka, na fyuzi ikae upande wa chanya, ndani ya sentimita 18 kutoka kwenye betri. Taa na simu zibaki za kubeba. Mpango huu unaifaa boti inayovutwa mchangani kila asubuhi. Inayotia nanga haiufai, kwa sababu betri ikiondoka pampu nayo inalala, na tajiri atalazimika kuchagua kati ya kumlipa mlinzi na kuikuta boti imejaa maji.