Usiukate mwembe kwa ajili ya mchicha

Septemba ya mwaka jana jirani yangu wa hapa Mikindani, Mtwara, mama mtu mzima ninayemheshimu sana, aliukata mwembe uliokuwa katikati ya ua wake. Ulikuwa mti wa zamani uliopandwa na babu yake, na chini yake ndipo tulipokuwa tukitandika mkeka saa za alasiri. Aliukata kwa sababu moja tu, kwamba kila mboga aliyojaribu kuotesha chini yake ilikufa, naye alikuwa amechoka kununua mchicha sokoni ilhali ana ua mpana. Matuta manne aliyoyapandisha mahali palipokuwa na mti yalistawi kwa wiki tatu. Kisha likaja jua la Oktoba, na udongo wetu wa kichanga, ambao maji hayakai ndani yake hata siku nzima, ukawa unataka kumwagiliwa asubuhi na jioni, dumu baada ya dumu, hadi mwishoni mwa Novemba matuta yakaachwa. Leo hana mchicha wala kivuli, na kila nikipita pale roho inaniuma.

Siandiki haya kumlaumu, kwa maana mimi mwenyewe niliwahi kushika panga kwa nia hiyo hiyo. Naandika kwa sababu tangu wakati ule nimesikia nyumba nyingine mbili za mtaani kwetu zikizungumzia kukata miti ya uani ili kupata bustani, na naamini kwa dhati kwamba miti hiyo inahukumiwa kwa kosa lisilo lake. Mboga nyingi tunazozipanda chini ya mwembe hazifi kwa kukosa jua. Hufa kwa kiu, na zile zisizokufa hudhoofu kwa sababu tulichagua mmea usiofaa mahali pale.

Mmea huo usiofaa, mara nyingi, ni mchicha wenyewe. Karibu kila mtu anayetaka kujaribu kulima kivulini huanza na mchicha, kwa kuwa mbegu zake hazisumbui na huota upesi, na akishindwa anahitimisha kwamba pale hapaoti kitu. Lakini kwa namna unavyotengeneza chakula chake, mchicha uko kundi moja na mahindi, mtama na miwa, mimea inayolitumia jua kali na joto vizuri kuliko mimea mingi mingine. Ukiunyima jua, shina hurefuka likawa jembamba kama njiti, jani hupauka, na mche mzima huinamia upande wenye mwanga. Mchicha una haki ya kupandwa juani, na mwenye kipande cha ua kilicho wazi ampe mchicha kipande hicho. Kosa ni kuufanya mchicha kuwa kipimo cha ua mzima.

Habari ya kiu niliijua kwa magunia. Miaka michache iliyopita nilijaza magunia matatu udongo uliochanganywa na samadi ya mbuzi, nikayapanga chini ya mwembe wangu na kupanda matembele. Mwezi wa kwanza yote yalichipua vizuri, na mwezi wa pili mawili kati yake yakaanza kunyauka, ingawa niliyamwagilia kila jioni kwa kipimo kilekile. Nilipotaka kulihamisha gunia moja nilipeleke karibu na mlango, halikunyanyuka. Nililivuta kwa mikono miwili, nikasikia chini yake vitu vikikatika kimoja kimoja kama nyuzi, na nilipolilaza ubavu nikaona kitako chake kimejaa vijizizi vya kahawia, vyembamba kama uzi wa kushonea, vilivyopenya kila tundu la gunia. Nilipolipasua, wavu huo wa mizizi ulikuwa umepanda hadi karibu nusu ya udongo. Mwembe ulikuwa umeyanywa maji yangu yote pamoja na samadi. Gunia la tatu, ambalo nililiegesha juu ya tofali mbili kwa sababu ardhi pale ina mteremko, halikuwa na mzizi hata mmoja wa mwembe, na matembele yake yalikuwa yakining'inia hadi chini. Kivuli kilikuwa kimoja, maji yaleyale, samadi ileile.

Tangu siku hiyo sipandi kitu chini ya mti mkubwa bila kukiinua. Ndoo iliyopasuka, sufuria iliyotoboka, gunia, vyote hukaa juu ya tofali au mawe, na kila baada ya wiki kadhaa huvinyanyua kidogo kuhakikisha hakuna mzizi uliochungulia. Anayetaka kulima tuta ardhini hana budi kuchimba mtaro mwembamba kuzunguka tuta lake, wa kina cha jembe, na kuurudia kila baada ya miezi miwili, tena upande mmoja wa mti tu ili usidhoofike. Akumbuke pia kwamba manyunyu huishia kwenye majani ya mwembe. Tumezoea kuona udongo wa chini ya mti ukiwa mkavu wakati njia imelowa, lakini bado tunasema mboga zimekufa kwa kivuli.

Sasa nije kwenye kivuli chenyewe, maana vivuli havifanani. Kivuli cha mnazi mkongwe ni chepesi. Jua huchuja kati ya makuti, na madoa yake hutembea juu ya udongo kutwa nzima. Kivuli cha mwembe ni kizito. Cha mkorosho uliokomaa ambao haujapogolewa, matawi yakigusa ardhi, ni kizito zaidi, na pale nakubali kabisa kwamba hapaoti kitu cha kuliwa. Wakulima wetu wanalijua hilo, ndiyo maana hupanda kunde, karanga na mihogo kati ya mikorosho ikiwa michanga, kisha huacha matawi yanapokutana, hata kama miti imepandwa kwa nafasi ya mita 12 kwa 12 kama wataalamu wanavyoshauri. Aidha, mboga ya majani isipandwe chini ya mkorosho unaopuliziwa salfa dhidi ya ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, kwa kuwa vumbi lote huishia kwenye jani utakalolila.

Ninachokipenda kuliko vyote ni kivuli cha ukuta, na nashangaa kwamba hatukitumii. Ukuta hauna mizizi. Juu yake anga iko wazi, kwa hiyo mmea unaokaa pembeni mwake hupata mwanga mwingi wa anga hata kama jua halimpigi. Kinachotakiwa ni kujua upande. Sisi tuko karibu nyuzi 10 kusini mwa ikweta, na jua la saa sita hutupita utosini mara mbili kwa mwaka, karibu na tarehe 20 Oktoba na tena karibu na tarehe 21 Februari. Miezi minne iliyo katikati, ambayo ndiyo miezi ya joto na ya kuanza kwa mvua, jua la mchana huwa kidogo upande wa kusini. Miezi minane inayobaki huwa upande wa kaskazini. Mwezi wa Juni ukuta wa mita 3 hutupa kivuli cha mita 2 hivi upande wake wa kusini saa sita mchana, na kwa kuwa jua linachomoza na kuzama likiwa limeelemea kaskazini, eneo lililo chini kabisa ya ukuta huo haliguswi na jua tangu macheo hadi machweo. Desemba ukuta huohuo hutupa kivuli cha sentimita 70 tu, tena upande wa kaskazini. Vitabu vya bustani vilivyoandikwa Ulaya husema kivuli kiko kaskazini mwa nyumba na jua liko kusini. Anayevifuata hapa Mtwara bila kuvigeuza atapanda kinyume kwa miezi minane ya mwaka.

Maana yake ni kwamba kila nyumba ya Mtwara na Lindi ina kipande cha ardhi, upande wa kusini, ambacho hupata jua wakati mbegu zinahitaji kuchipua na mvua inanyesha, kisha huingia kivulini sehemu kubwa ya kiangazi, wakati maji ni ya kubeba kwa madumu. Sijui bustani gani ingepangwa vizuri zaidi ya hiyo. Na mara nyingi ndipo tunapotupa majivu.

Asiye na uhakika na ua wake achukue siku moja tu ya kukaa nyumbani. Aweke kokoto mahali anapotaka kupanda, na kila saa aangalie kama kokoto iko juani. Ikipata zaidi ya saa sita za jua, hapo ni pa mchicha, bamia na nyanya. Ikipata kati ya tatu na sita, hapo ni pa mimea nitakayoitaja hivi punde, na jua la kabla ya saa nne asubuhi ni bora kwake kuliko la alasiri, ambalo hukuta udongo umeshachemka. Ikipata chini ya hapo kwa sababu ya mti, mti huo upogolewe kwanza.

Katika mimea ya kivulini, tangawizi ndiyo inayonifurahisha kuliko yote. Navipanda vipande vyenye macho mvua zinapoanza, Desemba, kina cha vidole vitatu, halafu nafunika kwa majani makavu ya mwembe uleule. Juani ncha za majani yake huungua; chini ya kivuli chepesi majani hubaki ya kijani hadi yanapojikausha yenyewe kwa kukomaa, baada ya miezi minane au tisa, na kuanzia Juni inabidi kuimwagilia. Manjano hupandwa vivyo hivyo, na hustahimili uzembe kidogo. Magimbi nimeyaweka penye mfereji wa maji ya kuoshea vyombo. Kotimiri na saladi, ambazo kwenye joto letu hukimbilia kutoa maua na saladi ikawa chungu, hukawia kufanya hivyo zikikaa mahali pasipopigwa na jua la mchana. Mnanaa huenea wenyewe. Pilipili kichaa huzaa hata kwenye nusu ya jua.

Matembele nayatenga, kwa sababu yanaonyesha jambo ambalo wengi hawalifikirii. Mmea ulio kivulini hupanua jani lake na kulipunguza unene ili liukamate mwanga mdogo uliopo. Kwa anayetaka viazi hiyo ni hasara, kwani mizizi itakuwa michache na midogo. Kwa anayekula jani ni faida tupu: matembele ya gunia langu la tatu yalikuwa mapana kama kiganja na yaliiva upesi jikoni kuliko yale ya juani. Mlaji wa jani na mlaji wa mzizi hawawezi kupewa ushauri mmoja.

Kuhusu maua nitasema neno moja tu. Ua dogo la zambarau ambalo Wazungu hulipanga kwenye madirisha ya nyumba zao, Saintpaulia, ni la kwetu. Mjerumani aliyekuwa mtawala huko Tanga alilipata katika misitu ya Usambara mwaka 1892, likiota kwenye miamba iliyofunikwa na kivuli cha miti. Linapendwa duniani kote kwa sababu linavumilia mwanga hafifu wa ndani ya nyumba. Nchi iliyotoa ua kama hilo haipaswi kuamini kwamba kivuli ni ardhi iliyokufa.

Najua hofu za watu wa kwetu, na sizipuuzi. Wazee walifagia ua ukabaki mweupe kwa sababu ya nyoka, na walikuwa na haki, kwa hiyo matandazo yangu hayakaribii mlango wala njia ya chooni, na vyombo vilivyo juu ya tofali huachwa na nafasi ya kupitisha fagio. Msimu wa mvua konokono huja, tena wakubwa, nami huwaokota kwa mkono asubuhi. Ukungu huja pia pale hewa isipopita. Dawa ya hayo ni kupogoa: kuondoa matawi ya chini hadi juu ya kichwa cha mtu mrefu, ili jua la asubuhi liingie kwa ubavu na upepo upite. Mwembe uliopogolewa hivyo huendelea kuzaa na kukalisha watu, na chini yake kivuli kizito huwa kimekuwa chepesi. Kazi ya siku moja ya panga na ngazi ingetosha kwa ule wa jirani yangu.

Kisiki chake kimechipua upya. Vichipukizi vyekundu vimetoka pembeni, na mama mwenyewe amekataza watoto wasivivunje. Juzi nilipompelekea shikamoo alinikuta nikiwa na bakuli la vipande vya manjano vyenye macho, nilivyomwekea apande mvua zikianza, nikamweleza habari za ukuta wa kusini. Alisikiliza hadi mwisho, akaitazama nyumba yake, akaniuliza, “Mwanangu, huo upande wa kusini ndio upi, wa jikoni au wa chooni?”

“Wa jikoni, mama.”

Akachukua fagio akaenda kuondoa majivu.