Saa Mbili za Kumjadili Samaki Mla Chawa

Juzi nimekaa saa mbili nzima darasani huku Norway, watu wakibishana kuhusu samaki mdogo ambaye kazi yake ni kula chawa. Chawa wa samoni, vidudu vinavyomganda samaki huyo wa kufugwa, si wale wa kwetu wa kwenye misafara ya wakubwa. Samaki huyo anamwagwa kwenye vizimba vya samoni baharini ili awasafishe wenzake, na wengi hufia humo humo. Mwalimu akauliza: ni haki kumfanya kiumbe kifaa cha kazi halafu afe, ili mfugaji apunguze dawa? Binti mmoja alihamaki mpaka masikio yakawa mekundu. Mimi naangalia saa, nacheka moyoni, na wivu umenijaa.

Ndiyo, wivu. Wale si wanafalsafa. Ni vijana wa ufugaji wa samaki, mifugo na udongo. Vyuo vikuu vingi huku havikupi shahada ya kwanza mpaka ufaulu somo la falsafa na maadili wanaloliita ex.phil., uwe daktari wa ng'ombe au mtu wa misitu. Halafu ukifika kwenye fani yako, mjadala unakufuata huko huko. Sheria yao ya wanyama ya 2009 inasema mnyama ana thamani yake mwenyewe, hata kama binadamu hapati kitu kwake. Imo samaki, imo nyuki, imo pweza. Pweza! Nenda kawaambie wachoma pweza wa Forodhani, Zanzibar.

Najua tayari kuna mtu anasema: umeshiba jibini, sasa unakuja kutufundisha uadilifu. Tulia kwanza. Sijasema hawa ni malaika. Mwaka 2023 samoni zaidi ya milioni 60 walikufa vizimbani baharini kabla ya kuvunwa, nchi hii hii yenye sheria tamu. Sina shaka kuna mameneja wa vizimba hivyo waliopita kwenye madarasa kama haya wakapata alama nzuri. Somo halimgeuzi mtu mtakatifu. Ila likishakuwepo, siku ya kubishana kazini watu wana pa kuanzia, na anayeuliza haonekani mkorofi.

Chuo nilichosoma nyumbani Tanzania, maadili yalikuwa kipindi cha mwisho cha kozi ya mbinu za utafiti, mwalimu anakimbizana na silabasi. Usinakili kazi ya mtu, omba ridhaa ya unayemhoji, haya kwaherini. Mtihani ukaja na "taja sifa tano za mtafiti mwadilifu". Tukataja. Pale getini kulikuwa na bango la mavazi yasiyoruhusiwa, na hilo lilisimamiwa haswa. Suruali iliyochanika magotini ilirudishwa hosteli. Lakini hakuna aliyetuuliza utafanya nini siku muuza viuatilifu atakapokujazia mafuta kwenye pikipiki ya kazi, kisha akuombe uitaje dawa yake kwenye mkutano wa wakulima.

Mwenzangu mmoja tuliyesoma naye ni ofisa mifugo kwenye halmashauri. Tulikuwa tunaongea kwenye simu, akanieleza habari ya mama mwenye kuku wa mayai kama 500. Kuku wanakohoa, wamepewa dawa, na kopo limeandikwa siku za kusubiri kabla mayai hayajaliwa. Banda hilo linatoa trei 13 kwa siku. Mkopo wa kikundi unadaiwa Ijumaa. Mama anamwuliza: "Mwanangu, haya mayai nimpe nani?" Jamaa yangu akaniambia, "Kaka, nikisema mwaga, kesho hanipigii tena. Anaenda kwa muuza dawa dukani, yule hamwulizi kitu. Nikisema uza, mayai yanakwenda kwa mama ntilie wa pale shuleni." Hapo niambieni jibu liko ukurasa wa ngapi.

Nikalipeleka suala hilo darasani huku, kwa mbwembwe kidogo, nakiri, maana nilichoka na samaki wao. Kimya. Halafu kijana mmoja mpole kabisa akauliza: "Kwani huyo mama hana bima?"

Sikumchukia. Kwao ng'ombe akichomwa dawa, maziwa yanamwagwa, mkulima ana ushirika nyuma yake, ana ruzuku ya serikali, na daktari wa mifugo ndiye peke yake mwenye ruhusa ya kuandika hiyo dawa. Ukiwa na hayo yote, uadilifu unakugharimu kidogo sana. Ndiyo maana nawashangaa wenzangu wanaosema maadili ni anasa ya nchi tajiri, tushibe kwanza. Tajiri anaweza kulisoma somo hili kama burudani. Anayelihitaji kufa na kupona ni huyo ofisa mwenye vijiji vinne na pikipiki isiyo na mafuta.

Na malighafi ya mijadala tunayo, Wanorway wangetuonea gere. Mkulima wa nyanya mwenye tuta la nyumbani lisilopuliziwa sumu, kwa ajili ya wanawe tu. Mtafiti aliyetoa damu ng'ombe wa mzee mpaka leo hajarudisha majibu. Mwaka 2018 serikali yetu ilisimamisha majaribio ya mahindi ya GMO, yaani yaliyobadilishwa jeni, pale Makutupora, Dodoma. Kenya nayo 2022 ikaondoa zuio lake la GMO la tangu 2012, watu wakakimbilia mahakamani. Vijana wetu wanakueleza jeni linavyopachikwa bila kutazama daftari. Waulize nani alipaswa kuamua, na mkulima aliulizwa wapi, uone macho.

"Nani atafundisha somo hilo vyuoni kwetu sasa?" Mleteni ofisa ugani mstaafu, mlipeni nauli na posho kama mnavyowalipa wataalamu wa kigeni, akae meza moja na mwalimu wa falsafa. Swali la mayai lipewe alama 40 kwenye mtihani, na asiwepo wa kutaja sifa tano.

Na wewe unayesema nirudi nikafundishe mwenyewe: nilishatazama matangazo ya kazi. Wanataka GPA, wastani wa alama, ya 3.8 ya shahada ya kwanza. Mimi ninayo 3.6, na ile niliyokosa iliondoka na kozi ya takwimu.