Tozo ya 988: anapokea nani, na anabisha hodi nani

Septemba 2016, mjini El Cajon, California, dada yake Alfred Olango alipiga 911, namba ya dharura ya Marekani. Kaka yake, mkimbizi kutoka Uganda, hakuwa sawa, anatangatanga barabarani. Dada aliomba msaada, wakaja askari. Olango alikuwa ameshika sigara ya umeme. Alipigwa risasi, akafa. Mtaalamu wa afya ya akili anayefuatana na polisi kwenye miito ya aina hiyo alikuwa kwenye tukio jingine.

Juni 2019, jimbo hilohilo, polisi wa Walnut Creek walimuua Miles Hall, kijana wa miaka 23 aliyekuwa katika hali kama hiyo. Sheria ya AB 988, iliyosainiwa Septemba 2022, inabeba jina lake. Ilianza kwa kukata senti 8 kwa mwezi kwenye kila laini ya simu, na inaruhusu kiwango kifike 30. Fedha hizo ni za namba 988, inayopigwa mtu anapozidiwa kiakili, na za timu za kumfuata alipo.

Msomaji wa Dar akisikia "tozo ya laini" anakunja uso. Ya kwetu ya 2021 hatujaisahau. Wanaopinga kule nao wana hoja. Tozo hii haijui maskini wala tajiri. Jimbo la Oregon, lenye tozo yake ya 988, wanakata senti 40 kwa mwezi kwa kila laini: mama anayesafisha vyumba vya hoteli, akiwa na laini tano za familia, analipa dola 24 kwa mwaka, na bosi wake mwenye laini moja hafiki hata dola 5. Isitoshe, tozo za 911 zimewahi kuchotwa na baadhi ya majimbo kwa matumizi mengine, ingawa sheria ya shirikisho ya 2020 inataka za 988 zibaki kwenye 988.

Hata hivyo mimi naiunga mkono. Zimamoto hulipwa hata usiku usio na moto, na bajeti ya kawaida hukatwa mwaka wa kwanza mbaya. Kinachonikera ni foleni ya matumizi: AB 988 inatanguliza vituo vya kupokea simu, timu za kufika zinafuata. Dada yake Olango hakukosa wa kupokea simu.

Eugene, Oregon, walikuwa na timu ya kufika, CAHOOTS, tangu 1989: gari, mhudumu wa afya na mshauri, bila bunduki. Aprili 2025 huduma hiyo ilikoma mjini humo kwa sababu ya fedha. Zile senti 40 zilikuwa zinakatwa tangu Januari 2024.