Aziza: Wanamuziki Wanne na Mpaka Unaobishaniwa

Kundi la jazi likitangazwa siku hizi, pasipoti hutajwa kabla ya muziki. Aziza nalo lilinadiwa hivyo, kama kundi linalovuka mipaka: Dave Holland, mpiga besi wa Uingereza, Lionel Loueke, mpiga gitaa wa Benin, na Wamarekani wawili, Chris Potter kwenye saksafoni na Eric Harland kwenye ngoma. Albamu yao, yenye jina hilohilo, ilitoka 2016. Jina wamelichota katika imani za Dahomey, ufalme wa kale uliokuwa katika Benin ya leo, ambako Aziza ni viumbe wa msituni wanaowasaidia wanadamu. Wenye masikio makali wakauliza: mpaka gani umevukwa hapa, ikiwa wote wanne wanapiga jazi ya Marekani?

Hoja yao ina miguu. Holland, mzaliwa wa Wolverhampton, alisikiwa na Miles Davis, mpiga tarumbeta maarufu wa Marekani, jijini London mwaka 1968, akaitwa New York, na tangu hapo amekuwa mtu wa jazi ya huko kuliko Wamarekani wengi. Loueke alizaliwa Cotonou mwaka 1973, akasomea muziki Abidjan, kisha Paris, kisha chuo cha Berklee kilichopo Boston, na baadaye Taasisi ya Thelonious Monk, shule ya jazi ya huko Marekani, ambako magwiji Herbie Hancock na Wayne Shorter walikuwa miongoni mwa waliomsikiliza kwenye usaili. Mtu aliyepita milango yote hiyo amebaki na ugeni gani? Tena kiti cha ngoma, ambacho kwa muziki wa Benin ndicho kiti cha enzi, amekalia mtu wa Houston. Na lebo (kampuni ya kurekodi) iliyoitoa albamu, Dare2, ni ya Holland mwenyewe.

Nakubali nusu ya hayo. Miradi ya aina hii imetuzoesha hila moja: mgeni anapewa utangulizi, anaimba kidogo kwa lugha ya kwao, halafu saksafoni inaingia na wenyeji wanaendelea na shughuli zao kama vile hakuna aliyepita. Hapo mgeni ni pambo tu.

Ila Aziza hawakufanya hivyo, na ushahidi uko kwenye orodha ya tungo. Albamu ina tungo nane, na kila mmoja kaleta mbili. Kwenye jazi, mtunzi ndiye anayeamua mdundo uwe wa mapigo mangapi, nani aingie lini, na wapi watu waachiwe nafasi ya kubuni papo hapo. Ndiye pia anayelipwa haki za utunzi. Kwa hiyo Loueke hakuja kupamba nyumba ya mtu.

Kuna na jambo lingine ambalo wakosoaji hulipita haraka mno: kundi halina piano. Kazi ya kushika kodi, yaani sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, imeachiwa gitaa, na gitaa la Loueke ni kiumbe cha ajabu. Huzima nyuzi kwa kiganja, wakati mwingine huchomeka karatasi kati yake ili zitoe sauti kavu kama ya kora (kinubi cha Afrika Magharibi) au marimba ya vidole, huku akiimba na kugonga ulimi kwenye kaakaa. (Huyu ndiye aliyewahi kutumia waya wa breki za baiskeli, nyuzi za gitaa zilipokuwa adimu Cotonou.) Chini yake kuna Holland, ambaye kwa miongo mingi amependa kuzungusha kipande kimoja cha besi juu ya mapigo yasiyogawanyika kwa mbili. Wawili hawa walikuwa majirani kimuziki kabla ya kukutana. Mwenye kazi ngumu zaidi, kwa sikio langu, ni Potter: analazimika kutafuta pa kuvutia pumzi ndani ya mzunguko usiotangaza mwanzo wake.

Anayetaka kupima mchanganyiko huu asianze na tungo za Loueke. Hizo lazima zinukie Benin. Asikilize zile mbili za Harland, ambako gitaa lingeweza kabisa kujikunyata na kuwa gitaa la kawaida la jazi. Halijikunyati.

Pale ninapowapa wakosoaji haki yao ni kwenye njia, si kwenye muziki. Usawa huu umepatikana kati ya watu waliokwisha kufika. Mpiga gitaa hodari aliyebaki Cotonou, asiye na viza wala karo ya Boston, hana pa kuingilia. Na kwa kuwa ala zote ni za jazi, jasho la kukutana halisikiki sana. Linganisha na Thimar, albamu ya 1998 ambayo Holland alipiga na Anouar Brahem, mpiga udi (ala ya nyuzi ya Kiarabu) wa Tunisia, na John Surman, Mwingereza mwenzake. Hapo hakuna ngoma wala piano, udi ndio umeshika usukani, na Waingereza wawili wanasikika wakipunguza mwendo na sauti ili wamfuate Mtunisia. Kama albamu ya kuisikiliza kwa raha, nachagua Aziza. Kama mfano wa mpaka uliovukwa, Thimar inaishinda.