Mimea mitatu, gramu 50: kupinda bangi kuna faida gani Ujerumani?

Tangu tarehe 1 Aprili 2024, mtu mzima anayeishi Ujerumani anaruhusiwa kukuza mimea mitatu ya bangi nyumbani kwa matumizi yake mwenyewe. (Tanzania na Kenya kuilima ni jinai, kwa hiyo nazungumzia Ujerumani tu.) Kwa kuwa sheria inahesabu mimea, wengi wameanza kutafuta namna ya kuufanya kila mmoja uzae maua mengi iwezekanavyo. Wengine wanakata kichwa, yaani kilele cha mmea, wengine wanapinda shina.

Kilele cha mmea hutengeneza homoni ya oksini, ambayo hushuka kwenye shina na kuzuia macho ya pembeni yasichipue kwa nguvu. Ukikata kichwa, kama wakulima wa kahawa wanavyofanya kwa mibuni, machipukizi mawili yaliyo chini ya mkato hushika nafasi yake. Ukipinda shina likiwa bado laini na kulifunga kwa kamba kwenye ukingo wa chungu, unapata karibu matokeo yaleyale bila kidonda. Baada ya siku chache tu, tawi lililokuwa kivulini linainua ncha kulifuata jua, na mwishowe maua yanajaa kwenye vilele vingi badala ya kimoja.

Wasiopenda kukata wana hoja nzito. Kila mkato huurudisha mmea nyuma kwa siku kadhaa, na kiangazi cha Ujerumani ni kifupi. Zinazoumia zaidi ni zile aina zinazochanua kwa umri bila kungoja mchana uwe mfupi: saa yao haisimami, zinaweza kuanza maua kabla hazijapona. Upande wa pili, mvua za Septemba na Oktoba huleta ukungu wa kijivu, nao hupenda kichwa kimoja kinene cha maua. Vichwa vidogo vilivyoachana, hewa ikipita katikati, hukauka upesi.

Ila sheria hiyohiyo inaruhusu kuweka nyumbani gramu 50 tu za bangi kavu. Mmea mmoja uliotunzwa vizuri bustanini unaweza kuvuka kiasi hicho peke yake. Kuuza ziada ni kosa, na hata kumgawia jirani bure hairuhusiwi. Inabidi iharibiwe. Sasa mtu anahangaika na kamba miezi mitatu ili apate nini?

Mimi naunga mkono kupinda, lakini si kwa ajili ya uzito. Mmea uliopindwa hubaki mfupi, hauchungulii nje ya roshani, na unapata mwanga na hewa. Kukata naona ni hasara kwa mwenye nafasi ndogo na msimu mfupi. Bora apande kwa zamu: mmea mmoja wa kuchanua kwa umri mwezi Mei, mwingine mwanzoni mwa Julai, yote ipindwe mapema kabla shina halijakomaa. Mavuno yatakuja kidogo kidogo, na itakuwa rahisi kubaki ndani ya gramu 50.