Visima vya Mombasa virudi, ila si vyote vya kunywa

Mifereji ya Mombasa ikikauka wiki mbili tatu, hoja ileile huibuka barazani: mbona visima vyetu vimefunikwa ilhali maji yapo chini ya miguu yetu? Kuanzia Mji wa Kale na Majengo hadi Kisauni na Likoni, kuna visima vilivyochimbwa kwa mikono, vingine vya misikiti, vingine vya majumba, ambavyo sasa vimezibwa kwa zege au vimegeuzwa jalala. Wapo wanaotaka vifunguliwe, visafishwe na kuingizwa kwenye huduma ya maji ya kunywa ya umma. Wapo wanaoona huo ni mwaliko wa kipindupindu. Kwa maoni yangu, pande zote mbili zinabishania kisima wakati kesi yenyewe iko chooni.

Wanaotaka visima virudi hawajakosea kuhusu shida. Mombasa inakunywa maji ya watu wengine. Chemchemi za Mzima ziko Tsavo Magharibi, na bomba lake, lililojengwa miaka ya 1950, hukata zaidi ya kilomita 200 kabla ya kufika mjini. Baricho ni visima vya kando ya mto Sabaki, kaunti ya Kilifi. Marere na Tiwi ni Kwale. Hakuna hata chanzo kimoja kati ya hivyo kilicho ndani ya kaunti yenyewe. Baricho nayo huendeshwa kwa pampu za umeme, na umeme huo umewahi kukatwa kwa sababu ya deni. Anayelipa bili yake kila mwezi akalala na ndoo tupu sawa na asiyelipa. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,208,333 Mombasa, na maji yanayofika hayatoshi nusu ya mahitaji yao. Bwawa la Mwache, linalotarajiwa kutoa mita za ujazo 186,000 kwa siku, tunalisubiri. Katika hali hiyo, mtu akikuonyesha kisima cha babu yake hatua kumi kutoka jikoni, ni vigumu kumwambia akiache.

Sasa tazama kilicho chini. Kisiwa kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe, ambao una matundu na nyufa. Udongo mzuri huchuja. Mwamba huu hupitisha tu. Juu yake tumejenga nyumba zilizobanana, na mabomba ya majitaka yanayoelekea mitambo ya Kizingo na Kipevu hayajaifikia mitaa mingi. Kwa hiyo choo cha shimo, karo la majitaka na kisima hukaa kiwanja kimoja, pengine ukuta mmoja tu katikati. Masika yakishika, maji ya ardhini hupanda na kukutana na shimo la choo kutoka chini, hata kama kisima kina mfuniko wa kupendeza juu.

Vijidudu vinaweza kuuawa kwa klorini. Hilo ndilo jibu la haraka la watetezi wa visima, na kwa kipindupindu ni jibu sahihi. Lakini choo hakitoi vijidudu peke yake. Kinyesi na mkojo vikioza ardhini huacha kemikali iitwayo naitreti, na naitreti haiguswi na klorini. Ukichemsha unaizidisha, kwa kuwa maji hupungua na yenyewe inabaki. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 kwa lita. Maji yanayozidi hapo yakikorogewa maziwa ya unga ya mtoto mchanga, damu yake inaweza kushindwa kubeba oksijeni. Mama aliyechemsha maji kwa uangalifu wote anaamini ametimiza wajibu wake.

Halafu kuna chumvi. Ndani ya Fort Jesus mna kisima kirefu ambacho maji yake ya chumvi yalifaa kuogea na kufulia tu. Ya kunywa yalitoka kwenye birika la kukinga mvua. Maji matamu ya pwani hukaa juu ya maji ya bahari kama mafuta juu ya mchuzi, na hesabu yake ni kali: kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari hushikiliwa na takriban mita 40 chini yake. Shusha kiwango kwa nusu mita, na baada ya muda umepoteza mita 20. Mtu anayeteka kwa ndoo na kamba hana nguvu za kufanya hivyo. Pampu inayo. Ule uboreshaji ambao diwani angependa kuuzindua kwa utepe ndio unaoweza kukiua kisima.

Je, vibaki vimezibwa? Hapana, na hapa ndipo wapinzani wanaponipoteza. Wanazungumza kana kwamba chaguo ni kati ya maji safi ya bomba na maji machafu ya kisima. Simama asubuhi penye kisima chochote kinachotekwa Kisauni. Utaona mkokoteni umepangwa madumu ya manjano ya lita 20, yaliyokuwa ya mafuta ya kupikia, midomo imezibwa kwa vipande vya nailoni. Mteja huuliza swali moja: matamu au ya chumvi? Ya chumvi bei chini, ni ya kufulia. Matamu yanaingia kwenye sufuria na kwenye jagi. Ulimi ndio maabara, na ulimi hauonji naitreti. Maji haya tayari ni ya umma, isipokuwa hakuna anayeyapima.

Lamu mara nyingi hutolewa mfano, kwamba mji mzima umenywa maji ya visima vya Shela vizazi na vizazi. Kweli, lakini visima vile viko kwenye matuta ya mchanga yasiyojengwa juu yake, na ndiyo maana ujenzi ukiyasogelea watu hupiga kelele. Majengo haina matuta.

Kuna jambo jingine ambalo wahandisi hulipita haraka: visima vingi ni vya wakfu. Aliyekitoa alitaka thawabu zisizokatika, na maji yake yawe bure kwa kila mpitaji. Kampuni ya maji haiwezi kuweka pampu, klorini na vipimo bila ada. Mzee wa msikiti atakubali mita kwenye sadaka ya marehemu? Njia ipo: ada iwe ya kusafisha na kusukuma maji, si ya maji, na Tume ya Wakfu ikae mezani tangu mwanzo. Sheria ya Maji ya 2016 nayo inasema maji yote yako mikononi mwa serikali ya kitaifa kwa niaba ya wananchi. Anayeteka kwa mkono kwa matumizi ya nyumbani hahitaji kibali. Mwenye pampu anakihitaji. Nashuku ndiyo sababu wenye visima wengi hupenda kunyamaza.

Ningeanza kwa kuhesabu vyoo vilivyo karibu, kisha visima. Kila kisima kipimwe mara mbili: mwisho wa kaskazi, chumvi inapokuwa juu, na katikati ya masika, uchafu unapokuwa juu. Kipimo cha msimu mmoja kinadanganya. Vitakavyofaulu mara zote mbili, nadhani vichache na zaidi vya bara kuliko kisiwani, vipewe tangi, klorini na saa maalumu za kusukuma. Vitakavyoshindwa navyo vifunguliwe, lakini kwa vyoo, kufulia, kutawadha, na kuzima moto kwenye vichochoro vya Mji wa Kale ambamo gari la zimamoto halipiti. Kila dumu la chumvi linalomwagwa chooni linaacha dumu la Mzima kwa ajili ya kunywa.

Matokeo yasifungiwe kwenye faili. Yapakwe rangi kisimani penyewe, kwa Kiswahili, pamoja na tarehe, na kisima ambacho tarehe yake imepita miezi sita kihesabiwe cha kufulia hadi kipimwe tena.