Hali ya Usawazishaji Katika Kerneli: Iwe ya Prosesa au ya Kazi?

Msanidi wa kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, hakwepi uamuzi huu: kaunta au alama inayolinda data aiweke kwenye prosesa, au kwenye kazi (task) inayoendeshwa? Linux hutumia njia zote mbili, na kila moja ina watetezi wenye hoja.

Wanaopendelea prosesa huanza na kasi. Prosesa nyingi zikigombea kaunta moja, mstari wa kashe (kumbukumbu ndogo ya haraka ya prosesa) unaoibeba huhamahama baina yao na kila moja hulazimika kusubiri. Ipe kila prosesa nakala yake, ugomvi umekwisha. Anayetaka jumla atazijumlisha. Kwa takwimu za pakiti za mtandao, sioni sababu ya kufanya vinginevyo.

Shida ni kwamba kazi hazitulii mahali pamoja. Kuongeza moja ni hatua tatu: soma, ongeza, andika. Kazi inasoma 7 kwenye nakala ya prosesa 0, kisha inanyang'anywa prosesa kabla haijamaliza; huu ndio unyang'anyi (preemption). Kazi nyingine inakuja palepale, inasoma 7 na kuandika 8. Ile ya kwanza inaamkia prosesa 3, nayo inaandika 8 kwenye anwani ileile ya mwanzo. Nyongeza moja imepotea, wala hakuna onyo lolote.

x86, familia ya prosesa za Intel na AMD, inaliziba pengo hili kwa agizo moja linalopitia rejista ya GS: kupata eneo la prosesa na kuongeza hufanyika kwa pamoja. Ndiyo maana tangu toleo la 3.13, kaunta inayozuia unyang'anyi, preempt_count, imewekwa huko kwenye prosesa. ARM64, familia nyingine ya prosesa, haina agizo la namna hiyo. Hutafuta kwanza anwani ya eneo la prosesa, ndipo isome. Kati ya hatua hizo mbili kazi ikihamishwa, itasoma kaunta ya prosesa iliyokwisha kuiacha. Kwa hiyo ARM64 huiweka ndani ya kazi yenyewe, na kwa maoni yangu ni sahihi kabisa: kaunta inayozuia kuhamishwa isitegemee kwamba hutahamishwa.

RCU, mbinu inayowaacha wasomaji wasome data bila kufuli huku anayeibadilisha akisubiri wasomaji wa zamani wamalize, inaonyesha bei ya kila upande. Kerneli isiyoruhusu unyang'anyi huhitaji tu kuona kila prosesa imebadilisha kazi walau mara moja, basi wasomaji wa zamani wamemaliza; msomaji halipi karibu chochote. Unyang'anyi ukiruhusiwa, msomaji anaweza kuondolewa katikati ya kusoma, hivyo kina cha usomaji wake huandikwa kwenye task_struct, rekodi ya kerneli kuhusu kazi hiyo, naye huingizwa katika orodha ya wanaosubiriwa. Gharama ya ziada ipo, ila ukweli unamfuata msomaji popote aendapo.

SRCU, aina ya RCU inayomruhusu msomaji kulala, ndiyo inayonizuia kusema kazi ishinde daima. Humo msomaji anaweza kuingia kupitia prosesa moja na kutokea nyingine, na hesabu bado hukubali, maana kinachotazamwa ni jumla. Swali likiwa "wangapi?", prosesa inatosha. Likiwa "nani ameshika?", jibu likae kwa kazi.

Kinachonisumbua zaidi ni msimbo uliozima unyang'anyi bila kusema unalinda nini. PREEMPT_RT, hali ya Linux kwa kazi zinazodai jibu kwa wakati maalumu (real-time, RT), iliyokamilika kuingia kerneli kuu katika toleo la 6.12 mwaka 2024, haiwezi kuuvumilia, kwa kuwa hata mwenye spinlock (kufuli ambalo kwa kawaida husubiriwa kwa kuzunguka bila kulala) ya kawaida humo hunyang'anywa prosesa. Tangu 5.8 kuna local_lock, ambayo huipatia sehemu hiyo ya msimbo kufuli la prosesa lenye jina. Msimbo mpya unaogusa data za prosesa kwa hatua zaidi ya moja ungepaswa kuanza nayo, hata kwa wasiojali RT.